Wote walipewa ng'ombe, mbona mmoja alitoka kwenye umaskini na mwingine akarudi? Kisa cha Bangladesh

Kuna ubishi nimeusikia tangu nikiwa mdogo na mpaka leo haujaisha. Mmoja anasema maskini ni maskini kwa sababu hajitumi, ajizi nyumba ya njaa, angeamka mapema akaacha visingizio angetoka. Mwingine anasema hapana, huyo mtu mmemfunga miguu halafu mnamwambia akimbie, hapo shida ni haki siyo juhudi. Na kila mmoja ana mfano wake mkononi, huyu anamjua jamaa aliyeanza na sifuri sasa ana maghorofa, yule anamjua mama aliyechapa kazi miaka 40 akafa hana kitu. Mifano ya namna hii haimalizi ubishi kwa sababu huwezi kumrudisha mtu nyuma ukampa mwanzo mwingine halafu ukaangalia ingekuwaje.

Ila kuna sehemu moja kitu cha kukaribiana na hicho kilifanyika, kwa maelfu ya familia, na wakafuatiliwa miaka 11. Hicho ndiyo kisa ninachotaka tukichambue hapa, taratibu, maana mimi kimenibadilishia kabisa namna ninavyoliangalia hili swali.

Ni vijijini Bangladesh. Shirika la BRAC, ambalo Fazle Hasan Abed alilianzisha mwaka 1972, lilikuwa limeshafanya kazi na maskini miaka mingi, mikopo midogo midogo, shule, afya, halafu likakuta kuna watu bado halijawafikia. Siyo maskini wa kawaida, ni wale walio chini ya maskini wenzao, ambao hata wenzao kwenye kikundi cha mkopo hawawataki kwa sababu wanajua marejesho yatawashinda, na wenyewe hawathubutu kuomba. Mwaka 2002 BRAC ikaanzisha mpango wa kuwafuata hao hao.

Namna walivyokuwa wanawapata inafaa kuelezwa. Wanakijiji wanakaa kikao, wanaziorodhesha kaya zote kisha wanazipanga wenyewe kuanzia mwenye nacho mpaka asiye na kitu. Baadaye maafisa wanapita nyumba kwa nyumba kuhakiki: je nyumba haina mwanaume mzima anayeingiza kipato, je watoto wa umri wa shule wanafanya kazi, je mama anakwenda kufanya kazi nje ya kwake, je ardhi ni kipande kisichofika popote, je hakuna mali yoyote ya kuzalisha. Ukitimiza vigezo vya kutosha unaingia. Kwa hiyo hawa siyo watu waliojipendekeza kwa mtu wala waliojua kuandika maombi vizuri, ni watu ambao kijiji kizima kilikubaliana kwamba hawa ndiyo wa mwisho.

Mwaka 2007 mpango ulipokuwa unapanuliwa, watafiti wakapata nafasi ya kuufuatilia kwa mizani. Vijiji 1,309, kwenye wilaya 13 kati ya zile maskini zaidi nchini, chini ya ofisi 40 za matawi. Matawi 20 yakachaguliwa kwa bahati nasibu yaanze mara moja, mengine 20 yasubiri. Kama kura ya karatasi, siyo kwamba huku kuna watu wenye bidii na kule kuna wavivu. Hilo lishike, tutalirudia.

Mama aliyechaguliwa alipewa achague mali ya kuzalisha, na karibu wote walichagua ng'ombe. Akapewa na mafunzo ya kumfuga, afisa anayemtembelea mara kwa mara, posho kidogo ya miezi ya mwanzo ili asije akamuuza ng'ombe kwa ajili ya chakula, na msaada wa matibabu. Miaka miwili hivi, basi. Makubaliano yalikuwa asimuuze ndani ya hiyo miaka miwili, baada ya hapo ni mali yake afanye anavyotaka.

Sasa kabla ya ng'ombe hawa kina mama walikuwa wanafanya nini? Hapa ndipo wale wa "maskini hajitumi" inabidi wakae chini wasikilize. Walikuwa wanafanya kazi, kazi ngumu mno. Kibarua cha shamba la mtu au kazi za ndani kwenye nyumba ya mtu. Na jirani yake mwenye uwezo kidogo, mwanamke kama yeye, kijiji hicho hicho, alikuwa anafuga mifugo yake, na ukipiga hesabu kwa saa anapata takribani mara mbili ya yule wa kibarua. Halafu kibarua chenyewe hakipo mwaka mzima. Mpunga una wakati wa kupandwa na wakati wa kuvunwa, katikati hapo hakuna wa kukuita, na kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 11 kabla ya mavuno makubwa hali inakuwa mbaya sana hasa kaskazini. Mtu yupo tayari kufanya kazi, mikono anayo, nguvu anazo, kazi haipo. Unaweza ukamkuta mchana amekaa nje kwake ukasema huyu ndiyo maana maskini.

Ukimuuliza kwanini na wewe usifuge, jibu ni jepesi, ng'ombe anampata wapi. Kwa kibarua cha leo kula leo hata akijinyima mwaka mzima hafikishi bei ya ng'ombe, na akijinyima sana anadhoofika na kibarua chenyewe kinamshinda. Mkopo haupati, au akiupata ni mdogo halafu marejesho yanaanza karibu mara moja wakati ng'ombe hata ndama hajazaa. Kwa hiyo ile kazi yenye malipo mazuri anaijua, anaiona kila siku kwa jirani, na haimhitaji mtu mwenye akili za ajabu. Inamhitaji mtu mwenye ng'ombe.

Matokeo ya kwanza yalikuja mazuri. Baada ya miaka 4 kipato cha hao kina mama kilikuwa kimepanda asilimia 21 ukilinganisha na wenzao wa vijiji vilivyosubiri, wakawa wanafanya kazi masaa mengi zaidi na kazi imesambaa vizuri mwaka mzima badala ya kubanana kwenye misimu. Naomba mtu yeyote anayeamini kwamba ukimpa maskini kitu unamfanya mvivu aisome hiyo sentensi tena. Walipewa, na baada ya kupewa WAKAFANYA KAZI ZAIDI. Walikuwa wanaitafuta sehemu ya kuziweka nguvu zao, wakaipata.

Lakini huo ni wastani, na wastani unaficha mambo. Kilichonishika mimi kilitoka baadaye, pale watafiti wa uchumi Clare Balboni, Oriana Bandiera, Robin Burgess, Maitreesh Ghatak na Anton Heil walipozichukua kaya 6,000 hivi zilizoanza kwenye umaskini wa kupindukia wakazifuatilia kuanzia 2007 mpaka 2018. Wakachapisha mwaka 2022, na swali lao ndiyo hili letu: kwanini watu wanabaki maskini? Ni kwa sababu ya walivyo wenyewe, uwezo wao, kipaji, moyo wa kujituma? Au ni kwa sababu ya pale walipoanzia?

Angalia walivyolipima, maana hapa ndipo penye utamu. Tuseme umaskini ni tabia ya mtu. Basi ukimpa ng'ombe, mwenye bidii atapanda, asiye na bidii atarudi chini alipokuwa, na haitajalisha kabla ya ng'ombe alikuwa na vijikuku viwili au hana. Sasa tuseme umaskini ni mtego wa pale ulipo. Basi kutakuwa na mstari fulani, aliyesukumwa akaupita atapanda mwenyewe, aliyesukumwa akaishia chini yake kidogo atateleza arudi, hata kama hao wawili hawana tofauti yoyote ya maana kama watu.

Wakaukuta mstari upo.

Wale ambao, baada ya ng'ombe kuongezwa kwenye vitu vyao vichache, walikuwa wamevuka ule mstari, mali yao ikaendelea kuongezeka mwaka hadi mwaka, wakaacha kibarua, wakawa wafugaji wa kwao wenyewe. Walioishia chini ya mstari, mali ikaanza kumomonyoka, polepole, mpaka wakajikuta kule kule kwenye kibarua. Ng'ombe ni yule yule, mafunzo yale yale. Tofauti ni kile kidogo mtu alichokuwa nacho kabla, na kumbuka wote hawa ni hoi, kwa hiyo tunaongelea tofauti ndogo sana, za vitu ambavyo mimi na wewe tunavipita bila kuviona.

Tuwaangalie wawili kwa karibu, siyo watu halisi, nawaunganisha tu ili ionekane inavyokwenda. Mama wa kwanza alikuwa na banda bovu lililobaki tangu zamani na kimkokoteni. Ng'ombe amefika, analala kwenye banda, mvua haimnyeshei, hajaumwa. Kimkokoteni kinabeba majani, kwa hiyo safari moja inatosha, muda unaobaki anafanya kingine. Ndama akazaliwa, maziwa yakauzwa, ile pesa ikanunua mbuzi, mbuzi wakazaa, mwaka wa tatu mtoto akaugua, akauza mbuzi wawili, mtoto akapona na ng'ombe bado yupo.

Mama wa pili hana banda wala mkokoteni. Majani anabeba kichwani, safari tatu nne, kibarua kinamwita na hawezi kukikataa kwa sababu watoto wanakula leo siyo mwezi ujao, basi ng'ombe siku nyingine anashinda na majani kidogo. Ng'ombe anakonda, maziwa kidogo, ndama amechelewa. Mwaka wa tatu mtoto akaugua, ule ugonjwa ule ule. Hana mbuzi wa kuuza. Ana ng'ombe. Na ng'ombe huwezi kuuza mguu mmoja ukabaki na mitatu, ukiuza umeuza wote, mtoto anapona na mama anarudi kibaruani.

Akipita mtu kijijini mwaka wa tano atawakuta wote wawili atasema huyu alijituma huyu alizembea, si wote walipewa ng'ombe? Na atakuwa amewadhulumu wote wawili, wa pili kwa kumwita mzembe, na hata wa kwanza kwa kumfanya fimbo ya kumchapia mwenzake.

Na kuna kitu kingine walikigundua kwenye vile vijiji. Ukizipanga kaya kwa mali za kuzalisha hazisambai vizuri toka chini mpaka juu, zinakuwa mafungu mawili, fungu la walio chini kabisa na fungu la walio juu kiasi, katikati pale watu wachache sana. Kama bidii ndiyo ngazi, katikati ya ngazi kungekuwa na watu wengi wapo njiani wanapanda. Hawapo. Panapotakiwa kuwa njia kuna shimo, na aliye ng'ambo ya huku hawezi kuliruka kwa hatua ndogo ndogo za kila siku maana shimo halivukwi kwa hatua ndogo ndogo. Ndiyo maana ule ushauri wa "anza kidogo kidogo utafika" unawauma sana watu ambao wamekuwa wanaanza kidogo kidogo maisha yao yote.

Sasa niwe mkweli na upande wa pili pia. Juhudi ilikuwepo na ilihitajika. Ng'ombe hajikami mwenyewe, hao waliovuka walivuka kwa kuamka alfajiri na kwa hesabu kali za nani ale nini leo. Ukiandika hiki kisa kana kwamba ng'ombe ndiyo alifanya kazi yote unawanyang'anya wale kina mama jasho lao. Ninachosema mimi ni kwamba juhudi haikuwa ndiyo kilichokosekana. Ilikuwepo chini ya mstari, ilikuwepo juu ya mstari, ila chini inaliwa yote na juu inabaki kidogo cha kuzaa kingine. Watafiti wenyewe walipiga hesabu wakaona karibu wote kati ya hao waliopewa walikuwa mwanzoni wanafanya kazi isiyolingana na uwezo wao, yaani uwezo wa kufanya kazi bora waliokuwa nao ulikuwa umefungiwa tu, na thamani iliyokuwa inapotea hapo inazidi kwa mbali gharama ya mpango wenyewe.

Pia ng'ombe siyo dawa ya kila mahali. Mpango wa staili hii ulijaribiwa nchi sita, Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, matokeo yakatoka mwaka 2015, na sehemu nyingi ulifanya kazi. Honduras ndiyo mambo yalienda vibaya, watu wengi kule walichagua kuku na kuku wakafa kwa ugonjwa. Hebu fikiria, mtu amefuata mafunzo, ameamka mapema, amefanya kila alichoambiwa, ugonjwa umepita na banda limebaki tupu. Nani hapo utamwambia hakujituma?

Basi tukirudi kwenye swali, haki au juhudi. Mandela alisimama Trafalgar Square, London, mwezi wa 2 mwaka 2005 akasema umaskini siyo kitu cha asili, umetengenezwa na binadamu kama utumwa na ubaguzi wa rangi, na kuumaliza siyo kutoa sadaka bali ni kutenda haki. Watu wengi wanaichukulia ile hotuba kama maneno mazuri ya kuandika ukutani. Mimi nikiiweka pembeni ya kisa hiki naiona ina maana ya karibu sana. Kama mtu ana uwezo, ana nia, anafanya kazi, na kinachomzuia ni kuwa alizaliwa chini ya mstari ambao hakuuchora yeye, na wengine tulizaliwa juu yake bila kufanya lolote, basi kumvusha siyo kumhurumia.

Ndiyo maana kuna kitu kwenye kisa chenyewe kinanisumbua na sitaki kukipita. BRAC walifanya kazi kubwa na nawaheshimu, lakini walichotoa kilikuwa zawadi. Mama wa kijiji ambacho tawi lake halikuangukiwa na kura hakuwa na mahali pa kwenda kudai. Angemshtaki nani? Hakuna sheria iliyosema ng'ombe ni wake. Akipewa anashukuru, asipopewa ananyamaza, na hiyo bado ni hisani hata kama ni hisani ya akili sana na iliyopimwa vizuri. Linganisha na sheria ya India ya mwaka 2005 iliyompa mtu wa kijijini haki ya kudai kazi, siku 100 kwa mwaka kwa kila kaya, na usipopewa kazi ndani ya siku 15 unastahili posho. Utekelezaji wake ulikuwa na matatizo mengi, ila pale mtu alikuwa ana kitu cha kushika mkononi anaposimama mbele ya ofisa, anasema nipe, siyo nisaidie.

Na haki ya karatasi peke yake nayo haitoshi. Afrika Kusini katiba yao inatambua haki ya makazi, na mwaka 2000 Irene Grootboom na wenzake waliokuwa hawana pa kuishi walishinda kesi Mahakama ya Katiba, hukumu ambayo wanasheria dunia nzima wanaisoma mpaka leo. Mwaka 2008 yule mama alifariki bado anaishi kwenye kibanda. Alikuwa na hukumu, hakuwa na nyumba. Wale kina mama wa Bangladesh walikuwa na ng'ombe, hawakuwa na hukumu. Mimi navitaka vyote viwili kwa mtu mmoja, na sioni kwanini hilo lionekane ni kutaka makubwa.

Kitu cha kufanya kwa waliobaki chini ya mstari nacho kinajulikana, hakihitaji falsafa. Walisukumwa pungufu. Wangepewa kubwa zaidi kwa mara moja, ng'ombe na banda na mkokoteni na kitu cha kuuza mtoto akiugua, wangevuka kama wenzao. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume, bajeti inagawanywa kwa watu wengi iwezekanavyo ili kila mtu apate kidogo, ripoti inasoma vizuri kwamba tumewafikia wengi, halafu miaka mitatu baadaye wote wamerudi pale pale na tunaanza kusema hawa watu hawasaidiki.

Na wale wa matawi 20 yaliyosubiri, mpango uliwafikia baada ya 2011. Walipopewa walichukua wakaanza kufuga kama wenzao. Miaka minne yote hiyo walikuwa wale wale, kijiji kile kile, kibarua kile kile asubuhi mpaka jioni, ila tu jina la tawi lao lilikuwa halijatoka kwenye kura.